Msiba wa Flaiwili

Kwa Mzee Sufiani,
Bigwa, Morogoro.
22 Juni 2025

Mpendwa dada Raya,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na Rehema, na kwamba mvua za huko Bukoba hazijakurudishia kile kifua. Mama anauliza kama asali na tangawizi alizokutumia zilikufikia, au ziliishia kwa kondakta. Sisi hapa hatujambo. Natanguliza kusema hatujambo ili usiruke mistari kutafuta habari mbaya, maana nakujua. Hakuna aliyefariki wala aliyelazwa. Ni mimi tu niliyechoka, na uchovu haujawahi kuandikiwa cheti.

Utashangaa kupata barua ya karatasi iliyosafiri kwa basi. Simu ya nyumbani kwetu haina siri, dada. Baba yako akiona jina lako anaweka sauti kubwa hadi majirani wanakusalimia. Kwenye kundi la familia ndiyo usiseme. Nina ombi moja kwako, nimeliweka mwishoni, lakini bila kukueleza kwanza habari ya injini halitaeleweka. Nivumilie.

Baridi ya Juni imeshaanza kuteremka kutoka milimani. Asubuhi ninapokwenda kazini Uluguru yote imejifunika, na malori ya njegere na karoti kutoka Mgeta yanapita yamewasha taa. Mama ameanza kulalamikia magoti. Mdogo wangu Asia amefaulu mtihani wa nusu muhula na sasa hakuna anayeweza kumtuma dukani.

Sasa injini. Najua umesikia kwamba mjomba, baba yako, anaijenga, lakini kwenye simu anakwambia anachezea vyuma, nawe unacheka. Si kuchezea. Anaiunda upya, kutoka chuma kisicho na umbo, ile injini ya mashine ya kusaga ya Mgeta aliyokuwa akiiendesha Babu Mikidadi, mjomba wake. Ni ya silinda moja, ya namna ile ambayo lazima kichwa chake kipashwe moto hadi kiwe chekundu ndipo ikubali kuwaka. Yenyewe ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu mimi bado sijaanza shule. Kilichobaki ni msingi wa zege wenye boliti zilizoliwa na kutu, na kikombe cha shaba cha kutilia mafuta ambacho Babu alikificha chini ya kitanda hadi anakufa.

Mwaka jana tulipanda Mgeta kwenye lori lililokuwa likirudi tupu, tukapima nafasi kati ya boliti na boliti kwa uzi. Kwa nafasi hizo tu mjomba akaanza kukumbuka ukubwa wa kila kitu kingine. Ukutani mwa sebule, pale lilipokuwa kabati la vyombo la marehemu mama yako, ameichora nzima kwa mkaa, kwa kimo chake halisi. Kila wiki anaipitia tena. Mistari imekuwa minene kama kamba, na wageni hawajui wakae upande gani wasichafue nguo.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hasa. Alisema anataka kuusikia ule mlio tena, tuku, tuku, kimya kidogo, tuku, kwa sababu mama yako alipokuwa msichana alikuwa akisikia injini imewaka ndipo anateremka na debe lake la mahindi. Kisha akaniambia nishike vizuri tupa, naipinda.

Ndiyo, mimi ndiye msaidizi. Mpwa ndiye wa kushika upande wa pili wa kila kitu cha mjomba wake, hilo halijadiliwi. Nikitoka ofisini navua shati, navaa lile koti lake la bluu la kiwandani, naingia bandani. Silinda tuliipata kwenye lori bovu Mikese, tukaileta Bigwa juu ya magunia ya mkaa. Pistoni aliikereza mwenyewe. Kila kipimo alinitaka nikisome kwa sauti kwenye rula ya chuma, naye anarudia nyuma yangu, na beringi alizipima kwa kuzipapasa kwa kidole gumba, amefumba macho. Nilidhani ananifundisha ufundi.

Matokeo yake yanaonekana masjala. Bi Prisca, mkuu wangu, aliinua jalada moja mbele ya wote akauliza, "Mansuri, hili limetoka kabatini au gereji?" Kulikuwa na dole gumba langu la grisi, limetulia pembeni ya muhuri wa serikali kama sahihi ya pili. Walicheka. Mimi sikulala vizuri kwa hofu ya kuandikiwa barua ya onyo. Unanijua.

Lakini hofu yenyewe ilianzia kwenye flaiwili. Ndivyo mafundi wanavyoliita gurudumu kubwa la pembeni, lile zito linaloipa injini nguvu ya kuendelea kuzunguka. Mjomba alichonga umbo lake kwa mbao, tukalikandamiza kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na udongo, kisha tukayeyusha vyuma vibovu na kumimina. Mchanga wa kumiminia chuma unatakiwa uwe mkavu. Ilikuwa katikati ya masika, hata unga ndani ya debe ulikuwa na unyevu. Nilimwomba tungoje kiangazi. Alisema hana muda. Nilidhani anaizungumzia Idi, maana alikwisha waalika ndugu kuja kuiona ikiwaka Jumamosi inayofuata Idi.

Unakumbuka Mama alivyotufundisha kununua chungu sokoni? Unakining'iniza kwa kidole, unakigonga kwa kifundo cha kidole kingine, unasikiliza. Chungu kizima kinaitika. Chenye ufa kinasema "tu" kinanyamaza, hata kama kwa macho ni kizuri kama bibi harusi. Basi siku moja, mjomba akiwa msikitini, nililining'iniza lile gurudumu kwa mnyororo nikaligonga kwa spana. Likasema "tu".

Nikagonga bomba la chuma lililokuwa karibu. Likaimba. Nikarudi kwenye gurudumu. Tu.

Dada, gurudumu la uzito ule likipasuka likiwa kasi halianguki chini. Linaruka. Banda letu ni la mabati, na baba yako angekuwa amesimama mkono mmoja kutoka hapo, na mimi upande wa pili, kwa sababu alikwisha amua kwamba mpwa ndiye atakayeizungusha mara ya kwanza.

Nilimwambia, lakini kwa mzunguko wangu wa kawaida. Nilisema, "Mjomba, sauti ya flaiwili naiona kama fupi."

"Na yako naiona kama ndefu," akajibu. "Nimeipima kwa chaki. Ni safi."

Kipimo cha chaki alinifundisha mwenyewe. Chuma kinapakwa mafuta ya taa, kinafutwa hadi kikauke, kisha kinasuguliwa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Kama ameipima kwa chaki na ni safi, karani wa masjala ni nani wa kubisha? Masikio yake yamechoshwa na mashine za kiwandani, lazima umwite mara mbili, kwa hiyo mlio sikumtegemea kuusikia. Lakini chaki ni chaki. Nilijaribu kuamini. Nililigonga tena kesho yake, na kesho yake tena. Tu.

Nikuambie na hili, maana ndilo lililonikosesha usingizi zaidi. Wewe ni mwanawe, lakini kwa desturi yetu ukoo ni wa kina mama, na mrithi wa jina lake na banda lake ni mimi. Nikinyamaza akadhurika, watasema mpwa alikuwa anangoja. Nikimzuia mbele za watu, watasema mpwa ameanza kumtawala mzee kabla hajafa. Nilizunguka na mawazo hayo wiki nzima. Kazini niliwahi kugonga muhuri wa "IMEPOKELEWA" kwenye mkono wangu mwenyewe.

Mwishowe nikaenda kwa Bi Shamsia, yule Mzigua wa nyumba ya pili. Mtu pekee ambaye mjomba hawezi kumkasirikia ni mtani. Nilimkuta anachambua mchele. Nilimweleza yote, hadi mlio.

"Yaani karani umekuja kuniajiri nimtukane mjomba wako?" akauliza.

"Sijaja kukuajiri, bibi."

"Najua. Waluguru mna mikono ya birika. Haya, nitafanya bure. Nenda, na siku hiyo usinitazame usoni, utacheka utaharibu."

Jumamosi ikafika. Ndugu walijaa uani, pilau iko motoni, mjomba amevaa kanzu yake nyeupe na juu yake lile koti la bluu. Injini imesimama imepakwa rangi ya kijani, kikombe cha Babu Mikidadi kinang'aa juu yake. Mjomba alikuwa anajaza mafuta kwenye kile kitaa cha kupulizia moto, cha kupashia kichwa cha injini. Mimi nilikuwa nimeshika gurudumu. Mikono ilitoka jasho hadi nikaogopa itateleza.

Ghafla tukasikia kilio kutoka njiani. Kilio cha msiba kabisa, dada. Wanawake wakasimama, mmoja akaanza kufunga kanga kiunoni. Akaingia Bi Shamsia, amejifunika gubigubi, anayumba, akapita katikati ya watu hadi kwenye injini. Akanisukuma pembeni, akalifunika gurudumu kwa shuka, akakaa chini na kunyoosha miguu.

"Uwii, mwanangu flaiwili! Umetuacha bado kijana! Hata kuzunguka hujazunguka!"

Watu walipoelewa, ua mzima uliangua kicheko.

"Wewe Mzigua," mjomba akasema, "nani kakwambia hapa kuna msiba?"

"Maiti ninaijua. Mtu mzima ukimwita anaitika. Haya, sikilizeni." Akatoa mchi ndani ya kanga yake, akagonga sufuria la Mama. Likalia ngeee, hadi watoto wakaziba masikio. Akafunua shuka, akagonga gurudumu. Tu. "Mnaona? Haitiki. Poleni ndugu zangu, tumefiwa. Na huyu Mluguru, kwa kulima milimani mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, anataka kumzungusha marehemu!"

"Mzigua anawahi msibani kwa sababu amenusa pilau," mjomba akasema.

"Pilau nitakula. Kwanza ada ya kumwosha maiti." Akamnyang'anya mjomba kile kitaa cha moto mkononi, akakisokomeza kwapani. "Hiki naondoka nacho. Ukikitaka, uje nyumbani kwangu ukikomboe kwa jogoo. Na jogoo mwenyewe awe anaitika!"

Mjomba alicheka. Desturi inamtaka acheke. Mtani akichukua amechukua, na bila moto kichwani injini ile ni sanamu. Wakala pilau, wakaisifu rangi ya kijani, wakaondoka. Nilifikiri nimefanikiwa, na nikajisikia mchovu kama mtu aliyebeba lile gurudumu mgongoni tangu masika.

Alasiri mjomba akaniita bandani. Alikuwa amevua kanzu.

"Leta mafuta ya taa," alisema. "Na chaki."

Tulilipaka, tukalifuta, tukalisugua chaki hadi likawa jeupe lote. Tukangoja. Kisha mstari ukaanza kujitokeza karibu na kitovu cha gurudumu, kati ya spoki zake mbili. Mwanzoni ulikuwa kama unywele, halafu ukanenepa, ukapinda, ukakimbilia ukingoni. Ulikuwa wa kijivu, umelowa. Mtu aliyesimama mlangoni angeuona.

Mjomba aliinama. Aliinama hadi ncha ya pua yake ikagusa chaki. Akatazama hapo hapo, juu ya ule mstari, kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, pua nyeupe.

"Unaona?" akasema. "Safi."

Nilishika kidole chake nikakipitisha juu ya ufa, mwanzo hadi mwisho. Nilipomwachia mkono alikinusa kile kidole. Akasikia mafuta ya taa. Akakaa juu ya debe.

Nilimuuliza tangu lini.

"Jicho la kulia tangu mwaka juzi," akasema. "La kushoto limeanza kwenye Ramadhani. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba."

Ndipo nikaelewa mistari minene ukutani, na kusoma vipimo kwa sauti, na kupapasa beringi, na ile kauli kwamba hana muda. Hakunidanganya kuhusu chaki, dada. Aliipima kweli, peke yake, akatazama kwa macho aliyobakiwa nayo, akaona jeupe. Alikuwa anakimbizana na giza, na mimi nilikuwa namwona mkaidi.

Baadaye kidogo akaniuliza, bila hasira, "Nani alimtuma Shamsia?"

Nikainama kuokota chaki.

"Mzigua hana akili ya kugonga chuma kama chungu," akasema. "Hiyo ni akili ya mtoto wa dada yangu Mwanvita."

Kesho yake alinipa nyundo kubwa nilivunje gurudumu. Nilipiga hadi viganja vikachubuka. Lilipopasuka, ndani lilikuwa na matundu matupu kama kitumbua. Mjomba alitia kidole kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, akatingisha kichwa. Vipande tumevipanga kwenye gunia. Tutamimina tena mchanga ukishakauka kabisa, na safari hii, amesema, yeye atashika na mimi nitatazama. Jogoo tumeshampeleka. Bi Shamsia alimkubali, ila amesema anaitika kwa lafudhi ya Kiluguru.

Mimi bado naiogopa ile injini. Sikufichi. Ila nimekubali kuizungusha, maana sasa najua nitakachokuwa nimeshika kitakuwa kizima.

Hili ndilo ombi langu. Nimemwomba twende kwa daktari wa macho, akasema macho ni uzee na uzee hauna dawa. Mama amemwomba, akamwuliza magoti yake yeye ameyapeleka wapi. Wewe hawezi kukukatalia. Nimesoma kwamba kilichokwisha potea huenda kisirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, na kila mwezi tunaoupitisha bandani unakipunguza. Tafadhali, dada, chukua likizo yako sasa, usiingoje Desemba. Njoo umshike mkono umpeleke. Mimi nitawatangulia kupanga foleni, kazi hiyo naijua.

Mama anakusalimu sana, na anakukumbusha sweta. Asia anakuamkia, anasema ukija uje na kahawa ile ya kutafuna akawaringie wenzake shuleni. Bi Shamsia anasema Mhaya akikuudhi umpelekee, atajua la kumfanya. Msalimie shemeji, umbusu Rehema. Mwenyezi Mungu awafunike huko mliko, na akufungulie njia ya kuja huku.

Barua hii nimeiandikia kwenye meza ya sebuleni, baba yako amekaa mbele yangu anasugua kikombe cha Babu. Nilianza kwa kuifunika kwa mkono, kama mwanafunzi kwenye mtihani. Nilipofika katikati nikauondoa mkono, maana nilikumbuka. Sasa hivi ameniuliza kama ni wewe ninayekuandikia. Nikasema ndiyo. Amekigeuza kikombe upande wa pili, kisha akasema, "Mwambie. Ila usimtie hofu."

Hilo la kwanza nimeliweza.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Mansuri